Konokono wa Pango la Mwisho

Saa nne na dakika kumi asubuhi, shujaa wa Mwanahawa alikwama chini ya ukuta. Mchezo huo wa video ulikuwa wa zamani, wa kuchunguza mapango. Kwa miaka miwili Mwanahawa alikuwa ameyafuta mapango yote na kuchora ya kwake. Sheria ya chama cha wachezaji ilikuwa moja: mtengenezaji aumalize mchezo wake mbele ya wenzake kabla ya saa tano, la sivyo hausambazwi.

Kosa lilionekana wazi kwenye runinga. Viatu vya kurukia alikuwa ameviweka juu ya ukuta usiorukika bila viatu hivyo.

"Dada, umefungia ufunguo ndani ya nyumba," alisema Mbaraka, katibu wa chama. Watu wakacheka. "Niandike umeshindwa?"

"Saa tano imefika?"

"Bado."

"Basi weka kalamu chini."

Alimrudisha shujaa hadi mwanzo wa pango. Hapo palikuwa na konokono aliyemchora kama pambo. Hakudhuru mtu, alifuata tu mwanga wa taa ya shujaa. Mwanahawa alimvuta kwa mwanga huo, polepole, kwa dakika thelathini na nne.

"Anachunga konokono!" mtazamaji mmoja alipiga kelele.

"Hebu nyamaza, wewe!" mwingine alimkemea.

Konokono akapanda ukuta. Shujaa akaruka, akatua juu ya gamba, akaruka tena, akavifikia viatu.

Saa tano kasoro dakika tatu, mlango wa mwisho ulifunguka. Mbaraka alikuwa amesimama juu ya kiti, akipiga makofi. Kwenye pembe ya kioo cha runinga, konokono alikuwa bado anapanda.