Kata ya Maji

Mwalimu mkuu alimkuta Mama Dominika uani akimenya mihogo. Mama aliinuka akitabasamu.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu kiti."

Mwalimu aliketi.

Asubuhi ile aliwatuma wanafunzi bondeni kuteka maji, sakafu zioshwe kabla Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, hajaja kukagua shule. Ukingo wa kisima ukaporomoka, ukamfukia Dominika. Walimu walitaka kugonga kengele ya msiba. Akawakatalia, hakutaka mama huyu ajulishwe na kengele.

Mama Dominika aliuinamisha mtungi, akakwangua chini kwa kata. Akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, Mwalimu. Haya aliyateka mwanao Dominika jana."

Kata iliinama mkononi mwa Mwalimu, maji yakamdondokea kwenye kaptula. Mama akayafuata kwa macho. Ndipo alipouona udongo mwekundu: kwenye magoti, kwenye viwiko, umejaa chini ya kucha zilizovunjika.

"Kunywa basi, Mwalimu," alisema, sasa kwa sauti ya kuomba. "Kunywa hata kidogo."

Newala hii kavu, mtu hakatai maji.

Mwalimu alimrudishia kata, maji yangali ndani.