Paja la Kushoto

Dresa wa zahanati alibonyeza uvimbe kwenye paja la kushoto la Mellen. Ulikuwa laini, mkubwa kama yai la bata.

"Unauma?"

"Hata kidogo, Daktari."

Kwao Ndhiwa walishasema amerogwa. Shangazi yake alikuwa amenoa wembe tayari, apasue uvimbe huo Jumapili baada ya kanisa.

"Nani humdunga insulini?"

"Ni mimi," akajibu mumewe aliyeketi kando yake. "Mwaka wa tatu sasa. Hapo hasikii uchungu, kwa hivyo narudia hapo hapo."

"Basi haya ni mafuta tu, Mzee. Ukidunga mahali pamoja kila siku, mafuta hujaa chini ya ngozi na dawa inakwama humo. Ndiyo maana mama anazidi kukonda. Msipasue. Badilisheni mahali, hata kama patauma. Huko dawa itaingia yote mwilini, kwa hivyo tuanze na kidogo."

Mumewe akaiweka magotini mikono yake iliyojaa sugu za jembe. "Kumbe ni mimi nilikuwa nikimmaliza."

Mellen aliitazama mikono ile. Kila asubuhi iliamka kabla yake, ikawasha moto, ikachemsha sindano. Haikukosa hata siku moja.

Akapandisha leso upande wa kulia, kwenye paja lisilojua sindano.

"Dunga hapa."

Mumewe akasita, kisha akadunga. Ikauma kama siafu. Mellen akaruka, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Inauma," akasema, akiushika ule mkono. "Asante, baba watoto. Inauma kweli."