Kompyuta ya Mwalimu Akeyo

"Chomoa mausi," Maxwell, fundi wa kompyuta, alisema kwenye simu, kutoka dukani kwake Homa Bay.

Linet akavuta waya. Mausi yenyewe ilikuwa mpya, imenunuliwa Mbita baada ya ile ya zamani kupotea wakati wa matanga.

"Sasa kaa uiangalie, sista."

Linet akakaa, mtoto kifuani, akaikodolea macho kompyuta ya marehemu mama mkwe wake kama anayemchunga mbuzi mwizi. Skrini ilikuwa giza. Nje kuku walikuwa wakiparura. Pembeni, baba mkwe, Mzee Joash, aliyeacha uvuvi miaka mingi iliyopita, alitia mkono mfukoni mwa koti lake kuukuu, akatoa njugu, akazimenya taratibu.

Skrini ikawaka. Mwalimu Akeyo akatokea humo akiwa na joho lake la mahafali, anatabasamu. Mzee Joash akavua kofia kwa heshima.

"Yawa!" James, mumewe Linet, akaruka kutoka kwenye kochi. "Mama ameamka tena!"

"Ni kompyuta ndiyo imeamka," Linet akamkata. "Mama amepumzika."

Lakini moyoni alikuwa ameanza kuogopa. Tangu atoke hospitali na binti yake, wiki mbili sasa, mashine ile ilikuwa haikubali kulala. Wakiilaza, inaamka. James naye alikataa katakata izimwe kabisa; alisema huko ni kumfukuza mama yake.

Na mezani, kando ya kompyuta, kulikuwa na fomu ya kumwandikisha mtoto. Nafasi ya jina ilikuwa tupu. Linet alikuwa na jina lake, Kayla, alilolichagua tangu akisoma chuo Rongo na kuliandika nyuma ya kila daftari. James hakulipinga wala kulikubali. James hakuwa mtu wa haraka. Hata tangi la maji ya mvua alilomwahidi mkewe tangu harusi lilikuwa bado maneno, na Linet bado alipanda kutoka ziwani na ndoo kichwani.

Kwao Rusinga, marehemu akitaka mtoto aitwe jina lake, hulidai mwenyewe. Huja ndotoni, au humfanya mtoto alie hadi atajwe. Akishadai, hakuna wa kumkatalia. Aliye hai hana ruhusa ya kumdaia.

Mzee Joash alilijua hilo. Hakuwa amemsumbua Linet hata siku moja. "Mimi siwezi kulazimisha, nyar Lambwe," alimwambia, akimwita binti wa Lambwe, kwa jina la kwao. "Mwenye jina akilitaka, atasema mwenyewe." Kisha akatia mkono mfukoni na kuendelea na njugu zake. Linet alimpenda sana kwa upole huo. Mzee wa watu, hata redio alikuwa akiwashiwa na mkewe.

"Maxwell, imeamka," Linet alisema.

"Basi kuna saa imetegeshwa. Ingia kwa settings."

Wakaondoa kila saa iliyotegeshwa. Wakailaza. Mzee akala njugu. Ikaamka.

"Toa waya ya intaneti."

Wakatoa. Ikaamka. Paka akafungiwa jikoni, akilalamika. Ikaamka.

"Hii sasa imenishinda," Maxwell alisema. "Hebu angalia nyuma, kumechomekwa nini?"

Linet akainama. "Waya ya stima, waya ya skrini, na hako kakitu kadogo kama kifungo cha shati."

"Kakitu gani? Hebu kwanza..."

Mtoto akapasua kilio. Linet akaiweka simu. Akamnyonyesha, mtoto akakataa ziwa. Akamwimbia, akambembeleza, akatembea naye mlangoni na kurudi. Kilio kikazidi.

"Mwite tu," James akasema kwa sauti ndogo.

"Kayla," Linet akaita. "Kayla wangu."

Mtoto akalia hadi akawa mwekundu.

Linet akaitazama ile picha ya joho. Mwanamke huyu alimpokea kama binti yake wa kumzaa. Ndiye aliyemfundisha kupika omena bila kuiacha chungu. Machozi yakamlenga.

"Akeyo," akanong'ona.

Mtoto akanyamaza kimya. Njugu zikamponyoka Mzee Joash, zikatawanyika sakafuni, na hakuziokota. Alikuwa amekodoa macho, mdomo wazi, kuliko mtu yeyote mle ndani.

Siku hiyo hiyo Linet akaandika Akeyo kwenye fomu, kwa herufi kubwa. Na kompyuta ikalala. Ikalala wiki moja, ikalala mwezi, hata kukohoa haikukohoa. Mtaa mzima ukaja kuitazama ilivyolala.

Jumamosi, siku moja kabla ya mtoto kupelekwa kanisani, Linet alilichukua koti la mzee alifue. Akaipekua mifuko ili aondoe maganda ya njugu. Chini ya maganda, vidole vyake vikagusa kitu laini cha mviringo. Akakitoa. Ilikuwa mausi isiyo na waya, ile ya Mwalimu iliyopotea kwenye matanga, mwenzake wa kale kakitu kama kifungo nyuma ya kompyuta, na betri zake zilikuwa mpya.

Linet akacheka hadi akakalia ndoo.

Jioni walikunywa chai wote watatu, Akeyo amelala begani mwa mama yake. Ghafla skrini ikawaka, na joho la Mwalimu likajaa chumba kizima.

James akaweka kikombe chini. "Mungu wangu. Sasa anataka nini tena?"

"Mimi nitajuaje?" Linet akasema, mkono mmoja ndani ya mfuko wa aproni. "Labda ni lile tangi la maji."

Mzee Joash akaupapasa mfuko wa koti lake, akaacha kutafuna.