Dawa ya Salu

"Mvueni na mkanda! Dawa huwa kwenye mkanda!"

Mwanamke aliyekuwa akipiga kelele alikuwa amejitanda khanga ya bluu, na pale Dutwa hakuna aliyemfahamu. Alisema anaitwa Mektilda, muuza dagaa wa Lamadi, na kwamba amemwona Salu, kiongozi wa kikundi kimoja cha ngoma, kwa macho yake akifukia kitu mahali anapochezea.

Bryson, afisa utamaduni na mwamuzi wa siku hiyo, aliinua mkono ngoma zikanyamaza.

Tangu ahamishiwe huku kutoka Moshi, mashindano haya ya ngoma ya baada ya mavuno ya pamba yalimpa taabu. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu huenda wanakotaka. Filimbi ya mwisho ikilia, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna alama. Kwa hiyo kila anayeshindwa husema mwenzake ametumia dawa ya kuvuta watu.

Lakini leo ajabu ilikuwa kwamba Salu hakuwa na watu. Umati wote ulikuwa kwa mpinzani wake Mahona, ambaye wachezaji wake walijiviringisha chatu shingoni. Salu na wenzake kutoka Mwamanyili walikuwa wakicheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, mbele ya wazee wachache na mbuzi. Wachezaji wake walikwisha kumwambia wazi: wakishindwa tena leo wanahamia kwa Mahona. Kikundi alichoachiwa na marehemu baba yake kingeishia hapo.

"Mayu, mama yangu, dawa gani hiyo isiyoita hata mbwa?" Mahona alimdhihaki yule mwanamke, na watu wakacheka.

"Haijapanda bado. Subiri, utalia."

Kicheko kikakatika. Watu wakaanza kusogea.

"Njoo ofisini kwangu tuongee taratibu," Bryson alimwambia Salu.

"Ofisini tena?" Mektilda akadakia. "Mkamalizane huko? Akaguliwe hapa hapa, kila mtu aone!"

"Hapa hapa!" watu wakaitikia, wakimwacha chatu na kuja mbio.

Salu hakubisha. Alivua shanga, akavua vazi la ngozi, akavua mkanda. Wachezaji wake walitazama chini kama watu walioaibishwa. Bryson alisali kimoyomoyo, Bwana, usiniache nidanganywe, kisha akapekua kila kitu. Kibuyu kilichoning'inia kwenye mkanda kilikuwa na mafuta ya samli. Aliagiza mchanga wa pale alipochezea uchimbwe kwa jembe. Wakapata mbegu za pamba na kifuniko cha soda.

"Hakuna kitu," alitangaza.

"Basi acheze hivyo hivyo na kaptura yake," Mektilda akasema. "Tuone inatokea wapi."

Ngoma ikaanza. Watu walijipanga wakiwa wamekunja nyuso, macho yao yamekazwa kwenye vidole vya Salu, kwenye nyayo zake, kwenye midomo yake kama inanong'ona. Alirusha jembe likazunguka juu, jua likimulika bapa lake. Akageuka, akapiga magoti, akaudaka mpini nyuma ya mgongo.

"Umeona? Hakuangalia!"

"Tazama mkono wa kushoto. Kuna kitu pale."

"Sasa miguu hiyo, mtu wa kawaida anaweza?"

"Hawezi. Sogea na mimi nione!"

Wenye chatu wakabaki na chatu wao. Baadaye hata mpiga ngoma wa Mahona alikuja kuchungulia, akasahau kurudi. Filimbi ilipolia, upande wa pili alikuwa amesimama Mahona na wenye chatu wake tu, mikono kiunoni.

"Dawa!" alifoka. "Mama yule alisema!"

"Nimemkagua mimi mwenyewe," Bryson alijibu, akamkabidhi Salu kamba ya dume la ng'ombe, zawadi ya mshindi. Wachezaji wakambeba juu. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kuhama.

Hata hivyo Bryson hakutulia. Mtu asiye na hatia alikuwa amevuliwa nguo mbele ya wilaya nzima kwa maneno ya uongo. Aliona ni haki mwanamke yule amwombe msamaha hadharani. Akamtafuta kwenye vibanda vya chakula, akamtafuta penye mabasi, akamkuta nyuma ya ghala la pamba. Salu alikuwa naye.

Bryson aliharakisha ili aamue ugomvi, kisha akasimama penye kona.

"Shemeji hakukasirika ulipomwachia meza ya dagaa?" Salu alikuwa akiuliza.

"Shemeji yako huyo nimemwambia naenda kwenye maombi." Mektilda alimfuta vumbi begani. "Na mwakani?"

"Mwakani wewe watakuwa wameshakujua, dada," Salu akasema. "Tutamleta shangazi. Aseme nina majini."