Jiwe la Makoye

Mashindano ya riadha ya Jimbo la Ziwa yalikwisha Agosti, na mkuki wa Makoye ukafungiwa stoo hadi mwakani. Kila asubuhi alivuta tyubu ya baiskeli aliyoifunga mlangoni ili bega lisilegee. Lakini mkono ulimwasha kwa hamu ya kurusha.

Ndani ya uzio wa mgodi wa almasi alikofanya kazi, aliyeokota jiwe alihesabiwa mwizi.

Makoye aliinama.

Lilikuwa jiwe la kawaida, lenye joto la jua. Lilimkaa kiganjani kama yai.

"Mwanangu, liache hapo hapo!" mlinzi mzee alimsihi.

"Mkono umenishinda, mzee."

Jiwe lilipaa, likavuka uzio, likazidi kwenda.

Mlinzi aliweka filimbi mdomoni, lakini macho yake bado yalikuwa yanapima umbali.