Ukungu wa Adhuhuri

Kitendawili! Najua umeshasema tega moyoni. Nililala kijani, nikaamka kahawia, na moto sikuuona. Umeshindwa? Basi ni mahindi ya Mama Namsifu, baada ya mkwewe Kihiyo kuyanyunyizia mbolea ya maji.

Mama Namsifu alishika jani lililokauka ncha. Kihiyo, aliyekuja kumalizia upande wa pili, alisimama mbali kidogo kama impasavyo mkwe, bomba la kunyunyizia mgongoni, macho chini.

"Nilikwambia ungoje jua lipoe, mwanangu?"

"Uliniambia, mama."

"Na matone yawe makubwa, yateleze hadi udongoni?"

"Uliniambia."

"Ukafungua ukungu mwembamba, mbolea ikagandia majanini, tena jua la utosi. Kwa nini?"

Kihiyo alikohoa, akasema bomba ni bovu. Mama Namsifu akazungusha mdomo wa bomba, na matone manene yakadondoka vizuri kabisa. Akaufunga tena taratibu. Afadhali angemtukana.

"Majani mapya yatatoka," alisema baadaye. "Mahindi yana huruma. Ila swali langu halijajibiwa."

Njiani walipita wanawake wakienda gulioni, vikapu kichwani. Mmoja akapaza sauti, "Shemeji Kihiyo! Mkweo umemchomea mahindi hata kabla hayajabeba?" Wenzake wakacheka mpaka vikapu vikayumba.

Kihiyo alingoja hadi vicheko vikaishia kwenye kona.

"Siku ile ilikuwa ya gulio, mama," alisema, akilitazama jani. "Ukungu unang'aa juani. Nilitaka hao wanione nikikuhudumia."