Sala ya Kinyiramba

"Amina" ilikuwa haijamalizika kinywani mwa Yasinta, mumewe akasimama.

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Watu walipanda juu ya mabenchi kumwona Mughwai, aliyekuwa akibebwa kila Jumapili kama gunia, akisogeza mguu mmoja, kisha wa pili. Mchungaji Simeoni alilia mbele ya watu wake bila kujificha. "Mungu hawahi wala hachelewi!" alipaza sauti.

Yasinta peke yake aliinamisha kichwa. Wenzake wakadhani ni unyenyekevu. Laiti wangejua! Ilikuwa aibu, ile ya kumfanya mtu atamani ardhi ipasuke immeze.

Mughwai alikuwa kuli pale Itigi. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, malori ya watu binafsi yalizagaa, na kuli mwenye mgongo mzuri hakukosa kazi wala pombe. Akilewa, alirudi nyumbani kupiga. Kisha siku moja akaanguka kutoka juu ya shehena ya asali, miguu ikafa ganzi. Yasinta akaanza kuuza mitumba sokoni, binti yao Sara akarudi shule, na nyumba ikatulia.

Kila alfajiri, akikoka moto jikoni, Yasinta alisali kwa sauti. Alisali kwa Kinyiramba, lugha ya kwao Ulemo, kwa sababu Mughwai ni Mnyaturu, asingeielewa.

"Ee Mungu, mlishe, umsamehe, umpe uzima. Ila miguu yake iache hivyo hivyo."

Jumapili hii mchungaji alimwita mbele. "Mama Sara, sisi tumeomba tumechoka. Leo mwombee mumeo wewe mwenyewe, kwa lugha uliyonyonya."

Yasinta alimtazama Mughwai aliyeketi mkekani. Mtu huyu siku hizi alimshonea vifungo vya mashati ya mitumba, na alikuwa hajapandisha sauti muda mrefu. Moyo ukamchoma. Kwa mara ya kwanza akaomba: "Bwana, mrudishie miguu yake."

Na miguu ikarudi papo hapo! Kumbe Mungu alikuwa tayari siku zote, Yasinta aliwaza huku machozi yakimtoka, na aliyeziba njia ni mimi. Mke gani huyu, anayemfunga mumewe kwa sala? Hakuthubutu kuinua macho.

Mughwai alimfikia, akamshika bega. Akainama sikioni pake, katikati ya kelele zile, akanong'ona kwa Kinyiramba kilichonyooka:

"Miguu ilipona tangu mavuno ya mwaka jana, mama Sara. Niliona haya kusimama kabla hujaniruhusu."